Sildenafili ilinifaa nilipoacha kuimeza juu ya pilau

Mara tatu za mwanzo nilimeza kidonge cha miligramu 50 cha sildenafili, dawa ya kusaidia uume kusimama, dakika kumi baada ya chakula cha usiku, tena pilau la nyama lililoloa mafuta. Mara zote tatu, kimya. Muuzaji wa duka la dawa akanishauri nimeze viwili kwa mpigo. Ushauri huo unanikera mpaka leo, kwa sababu kosa halikuwa kwenye kipimo. Chakula cha mafuta huichelewesha sildenafili kufika kwenye damu kwa karibu saa nzima, na ikifika, kiwango chake cha juu kwenye damu kimeshapungua kwa zaidi ya robo. Sasa nakula mapema, saa kumi na mbili jioni, kitu chepesi. Saa tatu nameza kwa maji. Ikifika saa nne dawa iko kazini, na hudumu saa nne au tano. Haifanyi kazi umekaa unatazama taarifa ya habari: lazima mwili uamshwe kwanza. Kimoja ndani ya saa 24, basi.

Cheti nilikipata baada ya kupimwa presha na sukari, na sukari ilikuwa juu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi ndiyo hutangulia kuonyesha ugonjwa. Vidonge vyenyewe ni shilingi elfu chache tu. Kipimo kile cha sukari ndicho kilichoniokoa.

Daktari alirudia swali moja: unatumia dawa ya maumivu ya kifua? Nitrogliserini ya chini ya ulimi, au isosorbidi, ikikutana na sildenafili, presha huporomoka hadi kuua. Kifua kikikubana baada ya kumeza, mwambie daktari wa zamu umemeza nini na saa ngapi, hata kama mkweo amesimama pembeni. Zipite saa 24 kabla ya kupewa dawa hizo. Kwa tadalafili, dawa nyingine ya aina hii inayofanya kazi hadi saa 36, zipite 48. Wanaotumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume huanza na miligramu 25 za sildenafili. Wanaotumia ritonaviri, dawa ya VVU, wasizidishe 25 ndani ya saa 48.

Unga wa nguvu za kiume unaouzwa mtaani sigusi. Baadhi umekutwa na sildenafili hiyohiyo, imetiwa bila kupimwa.

Kichwa kuuma, uso kupata joto na pua kuziba hupita vyenyewe. Uume ukisimama zaidi ya saa nne, nenda hospitali usiku huohuo, kwani damu iliyotuama huua misuli ya ndani. Jicho likipoteza nuru ghafla, vivyo hivyo, na usimeze tena.