Subiri Nivae Kwanza

Watu wananiuliza sana, mbona kwenye picha zako za safari watu wote wamesimama wima kama wanapigwa picha ya pasipoti, mikono imeshuka, hawacheki, mwingine kavaa koti la suti jua la saa saba mchana. Kuna jamaa yangu wa Dar anayejijua kwenye mambo ya kamera aliniambia kabisa, kaka picha zako zimekaa kizamani, ungekuwa unawavizia zingekuwa na uhai. Sasa leo nipo ndani, mvua ya Mbeya haijakatika tangu alfajiri na umeme bahati nzuri upo, ngoja nijibu, ila jibu lenyewe refu kidogo mnivumilie.

Mi nimekulia Tukuyu, mjini nimekuja ukubwani. Na kule kwetu kupigwa picha na wageni ni jambo la kila kiangazi. Wanapanda Mlima Rungwe, wanaenda Ziwa Ngosi, wanashuka Daraja la Mungu pale Kiwira, sasa wakiwa njiani wakimwona mama kajitwika mkungu wa ndizi gari linapunguza mwendo, kioo kinashuka, lenzi inatoka. Mama wa watu katoka shamba, kanga imepauka, miguu ina tope mpaka kwenye goti, na wala hajui kama kapigwa. Nimeyaona hayo hayo Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, siku ya soko pale Lyulilo, Wakisi wanashusha vyungu vyao kwenye mitumbwi na mgeni kachuchumaa kwenye mchanga anawapiga tu mfululizo, shikamoo hakuna, habari ya leo hakuna. Hiyo picha inaenda kuwekwa kwenye kalenda huko, na inawezekana kabisa ni picha nzuri, mwanga mzuri, rangi nzuri. Lakini yule mama akiletewa nyumbani kwake ataificha.

Kwa sababu mama huyo huyo ukimfuata kistaarabu ukamwambia mama naomba nikupige picha, jibu ni moja tu, subiri nivae kwanza. Anaingia ndani. Unasubiri. Unasikia sanduku linafunguliwa, unasikia mtoto analia anaoshwa kwa nguvu, unaanza kuangalia jua linavyokukimbia, halafu anatoka na kitenge cha kanisani na kilemba chake, mtoto anang'aa mafuta, kiti kinaletwa nje na kitambaa kinatandikwa juu ya kiti. Akikaa hacheki. Anakutazama. Hapo sasa piga.

Maana picha kwetu ni kitu cha sebuleni jamani. Ingia nyumba ya mtu mzima yeyote kuanzia Kyela mpaka Makambako utazikuta ukutani karibu na dari, fremu zimeinamishwa kidogo kwa mbele, harusi, kipaimara, mjomba alivyokuwa jeshini, marehemu babu kakaa mikono magotini. Hakuna hata mmoja aliyeviziwa. Walienda studio, Soko Matola au Mwanjelwa hapa Mbeya, wakasimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji au ndege ambayo hawajawahi kuipanda, mpiga picha akawanyoosha kola, akasema tulia. Ndo picha hiyo.

Na sio sisi tu. Nilivyoanza kusoma soma habari za wapiga picha wa Afrika nikakutana na mzee Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio mwaka 1948, pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake mwenyewe lile lenye nyuzi za kuning'inia, na pale studio aliweka suti, saa, redio, mpaka pikipiki ya Vespa, mteja akija anachagua anataka aonekane nani. Mwenzake Malick Sidibé, wa huko huko Bamako, mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya kazi ya maisha yote kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, ndo mpiga picha wa kwanza kupewa hiyo, na Mwafrika wa kwanza pia. Kazi za hawa wazee leo zinatundikwa makumbusho ya Paris na New York. Watu wamejipanga, wamevaa, wamekaza macho. Kwahiyo mtu akiniambia pozi ni ushamba namwangalia tu.

Basi mi safari zangu naziendesha hivyo, nikivuka mpaka nabeba ile "subiri nivae kwanza" ya kina mama wa Tukuyu.

Tuanze na Malawi maana ndo jirani. Ukitoka Mbeya mjini uko juu, kama mita 1,700 hivi, sweta mwilini, unashuka Tukuyu, unashuka Kyela, sweta linaingia begini, mpaka ufike Kasumulu shati limeshaloa na lenzi ikiwa ilikuwa kwenye baridi inapata ukungu usiofutika kwa kitambaa, iache tu dakika kadhaa ndani ya begi ipate joto taratibu. Halafu pale mpakani na kwenye daraja la mto Songwe kamera ikae begini, hili nalisema kwa herufi kubwa kichwani, hata selfi na simu usijaribu, askari wa mipaka duniani kote hawana utani na hilo. Ng'ambo ya pili unapanda gari mpaka mji wa Karonga.

Karonga bwana. Nilitegemea ugenini, nikasalimia "mugonile" kwa mazoea tu na mzee mmoja akanijibu vizuri kabisa, kwa sababu Wangonde wa kule na Wanyakyusa wa huku wanasikilizana vizuri, mto tu ndo umepita katikati. Huyo mzee ni dereva wa kabaza, yaani baiskeli ya abiria, nyuma ina kiti cha sponji, kule baiskeli ndo bodaboda yao. Nikamwomba picha. Akasema sawa. Nikajua atakaa juu ya baiskeli nipige, kumbe hapana, akaishusha, akaomba maji kwa mama muuza samaki, akaiosha, spoku moja moja, akatoa maua ya plastiki mfukoni akayapanga kwenye hendo, ndo akasimama pembeni yake mkono juu ya kiti. Yeye mwenyewe nguo hakubadilisha. Aliyevalishwa ni baiskeli. Nimeipenda hiyo picha kuliko zote nilizowahi kupiga na sioni aibu kusema, ukiitazama unamjua yule mzee, unajua kinachomlisha na anachojivunia. Ningemvizia akiwa anapanda kilima jasho linamtoka ningepata picha ya "usafiri Afrika", ambayo ipo milioni moja intaneti.

Zambia nimeenda kwa treni ya TAZARA, napandia Iyunga, reli ile ndefu ya kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Wachina walitujengea miaka ya 70, kuanzia 1970 hadi 1975. Hapa sina mengi ya watu, dirishani sipigi mtu, napiga reli inavyokata kona, napiga vibao vya stesheni. Nikashuka nikaunganisha mabasi mpaka Livingstone kwenye maporomoko, Mosi-oa-Tunya, yale ya Victoria. Nayo niseme ukweli, ni kitu kikubwa, upana kama kilomita 1.7 na maji yanadondoka zaidi ya mita mia, lakini ni picha ambayo kila mtu anayo. Kama unaenda kwa ajili ya kamera jua majira, mwezi wa nne maji yamejaa mpaka huoni kitu, ni mvuke mtupu na kamera inaoga, mwezi wa kumi upande wa Zambia unaweza kukuta mwamba mkavu ukaona umepoteza nauli. Nilichokuja nacho mimi ni familia moja iliyokuja na sare za kitenge, bibi katikati, wamejipanga kwa urefu na wameyapa maporomoko mgongo. Nikacheka peke yangu. Lile pazia la studio ya Mwanjelwa, wenzetu wanalo la kweli.

Ethiopia ndo ilinichanganya kichwa kwa uzuri. Kwanza saa. Dereva ananiambia nakufuata saa moja asubuhi, na anamaanisha saa moja yetu hii hii, wao wanahesabu saa kuanzia jua linapotoka kama sisi, nilitaka kumkumbatia. Wazungu tuliokuwa nao hoteli moja walikuwa wanakosana na madereva kila siku na mimi nipo kwenye gari nimeshakaa. Ila usijidanganye kwenye kalenda, huko miezi ni 13 na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka 7 au 8.

Halafu kahawa. Upande wa mama yangu ni Mbozi, na Mbozi ni kahawa, mikahawa imezunguka nyumba mpaka dirishani, na sijawahi hata siku moja kufika kule nikakaribishwa kahawa. Ni chai. Kahawa ni ya kuuza, ni ada ya shule, ni mabati, inavunwa inamenywa inaanikwa inapelekwa, sisi tunabaki na chai ya maziwa. Sasa Addis Ababa kwenye nyumba niliyoalikwa mama mwenye nyumba alitandaza majani mabichi chini, akachoma ubani, akakaanga buni mbele yetu na akapitisha kikaango kila mtu anuse ule moshi, akatwanga, akapika kwenye jebena, kile kibuyu cha udongo chenye shingo ndefu. Mikupuo mitatu, abol, tona, bereka, na ukiondoka kabla ya wa tatu unaonekana huna adabu. Bisi pembeni za kutafuna. Yaani saa nzima na zaidi kwa ajili ya kitu ambacho wajomba zangu wanakiona kwenye gunia tu.

Nikaomba kupiga picha. Mnajua alichofanya? Aliweka kikaango chini, akaingia chumbani, akarudi na gauni lao jeupe lile lenye nakshi za rangi kwenye kifua na shela mabegani. Akaanza upya kila kitu, kukaanga mpaka kumimina. Hakuna aliyelalamika. Binti yake akanitafsiria kwamba mama anasema watakaoiona picha Tanzania wasije wakadhani hapa hakuna watu.

Picha hiyo niliichapisha kubwa nikampelekea bibi yangu Mbozi. Akaangalia muda mrefu sana, hakuuliza habari ya kahawa wala ubani, akauliza yale majani ya chini wanafagia saa ngapi.

Sasa kuna watakaosema hizo ni picha za uongo, maisha halisi ndo yale ya jasho na matope. Mi naona hivi, kule kuvaa nako ni maisha halisi, saa zingine kuliko hata matope, mtu anakuonyesha anavyojiona. Ila sio kwamba sivizii kabisa. Soko zima kwa mbali, mitumbwi, watu wadogo huwezi kuwajua sura, hizo napiga bila kumsumbua mtu. Ikishafika sura ya mtu naomba, akikataa nashukuru nakaa naye tunapiga stori, na wanaokataa ni wengi tu na hawana wajibu wa kunipa sababu. Kuhusu kulipa hela mi silipi ili nipige, nikilipa naona namwajiri, lakini kama ni mfanyabiashara nanunua kwake, yule muuza samaki aliyetoa maji ya kuoshea baiskeli nilinunua usipa wake, wale dagaa wa ziwani, mpaka begi lilinuka mpaka Uyole.

Kwa wanaoanza, jambo moja la kiufundi maana naulizwa sana inbox. Sura zetu nyeusi ukizisimamisha mbele ya anga jeupe kamera inaangalia anga, inapunguza mwanga, uso unakuwa kivuli. Sio kosa la uso. Hata enzi za filamu maabara za Marekani zilikuwa zinarekebisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, sisi hatukuwa kwenye hesabu. Kwahiyo gusa uso kwenye kioo cha simu halafu ongeza mwanga kidogo, anga liungue liungue tu, hukuja kupiga anga. Na mchana wa jua kali mtoe mtu juani, mweke kibarazani, mgongo ukutani uso uelekee nje. Hiyo ndo studio, huhitaji fleshi. Na yale mafilta ya simu ya kumfanya mtu mweupe zima kabisa, mama wa watu kavaa dakika arobaini halafu wewe unambadilisha ngozi.

Kinachokula hela yangu sio kamera ni kuchapisha. Kila niliyempiga akanipa jina na mahali anapopatikana namchapishia, saizi ya kadi ya posta, kwenye studio hapa Mwanjelwa, kisha natafuta mtu wa kupeleka. Ya Addis ilienda na mwanafunzi. Za Livingstone bado, ile familia walinipa namba haipatikani. Ya mzee wa kabaza ipo tayari hapa mezani kwenye bahasha ya kaki, nimeiweka na kaplastiki isiloe. Kama kuna mdau anavuka Kasumulu wiki hii aniambie, nitamfuata mwenyewe stendi, bahasha haina uzito wowote, na ukifika Karonga muulize tu mzee mwenye maua ya plastiki, ila usimkabidhi mtu mwingine tafadhali, umpe mwenyewe.