Mabati yenye slaki ya siku 23: nilivyorekebisha ratiba

Ratiba ya madarasa tunayojenga Ujiji, Kigoma, ilionyesha "kuleta mabati" ina Total Slack (slaki, yaani muda kazi inaweza kuchelewa bila kuchelewesha mradi mzima) ya siku 23. Haiwezekani! Mabati yanatoka Dar, na bila mabati hakuna kuezeka.

Nikaifungua kazi hiyo kwenye Microsoft Project, programu ya kupanga ratiba: safu ya Successors (kazi zinazoifuata) tupu. Kazi isiyofuatwa na nyingine hupimiwa slaki hadi mwisho wa mradi mzima, ndiyo maana inavimba. Nikaiunganisha na "kuezeka". Slaki ikashuka hadi 0, ikaingia kwenye mlolongo usioruhusu kuchelewa.

Plasta ya uzio ilibaki na slaki huru ya siku 4. Hiyo ni ya kweli: fundi akichelewa siku 4, fundi wa rangi anayemfuata bado anaanza siku yake. Mabati niliagiza jioni ileile.