Siku 11 zilizookoa rufaa yangu

"Kifungu cha 159 cha Katiba hakitaki watu waangushwe kwa taratibu, peleka tu rufaa yako." Hayo niliambiwa na watu watatu, na nusura yanizamishe.

Nauza vipuri vya tuktuk Majengo. Msambazaji alinishtaki kwa deni nililokwisha kumlipa kwa M-Pesa, na hakimu akampa ushindi. Wakili niliyekuwa naye hakuniambia kwamba hukumu imesomwa. Nilijua siku ya 47, barua ya kudai malipo ilipoletwa dukani. Kifungu cha 79G cha sheria ya kesi za madai ya Kenya kinatoa siku 30 za kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu. Ukipitwa, lazima uombe kuongezewa muda, na uwe na sababu ya kutosha.

Jioni ile ile nikaenda kwa kijana anayechapa hati karibu na mahakama. Akaniandikia kiapo: nilikuwa na matatizo ya kifamilia, naomba huruma. Kesho yake nikampelekea wakili mpya, mama mtu mzima. Alikisoma kwa kalamu nyekundu mkononi, akachora duara kila mahali palipotaka tarehe na tarehe haipo. Maduara 9!

"Mwanangu, hapa umelia, hujaeleza."

Akanisomea kesi ya Nicholas Salat na IEBC, tume ya uchaguzi, Mahakama ya Juu, 2014. Kuongezewa muda si haki ya mtu. Ni hiari ya mahakama, na mzigo wa kueleza ni wa anayeomba. Jaji hutazama umechelewa kiasi gani, kwa nini, na mwenzako wa upande wa pili ataumia vipi. Hutazama pia kama rufaa yenyewe ina uzito, ndiyo maana tuliambatisha rasimu ya sababu za rufaa pamoja na taarifa ya M-Pesa.

Kosa la wakili peke yake halitoshi, maana kesi ni yako na ni wajibu wako kuifuatilia. Hapo simu yangu ilinifaa sana: mara 4 nilimuuliza yule wa kwanza tarehe ya hukumu kwa WhatsApp, mara 4 akajibu "bado". Tukazichapisha zote. Msifute meseji za mawakili wenu.

Zikabaki kuelezwa siku 11, tangu nijue hadi ombi kuingia. Nilishusha kalenda ya dukani, nikajaza kila siku: simu zisizopokelewa, barua ya kuomba nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri masijala, siku 5 za kuingoja, hata Jumapili. Sikuacha kisanduku kitupu.

Nilijitolea mwenyewe kuweka nusu ya deni kwenye akaunti ya pamoja ya mawakili wawili. Uamuzi uliposomwa, jaji alizipitia tarehe zangu moja baada ya nyingine, mikono inanitetemeka. Nikapewa siku 14, na gharama za ombi nimlipe mwenzangu, kama elfu kumi na kitu. Nililipa kwa moyo mweupe.

Rufaa niliisajili kesho yake, kabla ya adhuhuri.