Fremuwaki na mume

Ni Jumapili usiku na bado ninalitafuta jibu la swali nililoulizwa Jumanne. Tulikuwa tumeizunguka ile meza yetu ndefu, tukijadili kama mfumo wa mikopo wa saccos, ule niliouandika mwaka 2015 kwa AngularJS na ninaoutia viraka hadi leo, uhamishiwe kwenye Svelte. Zote mbili ni fremuwaki, yaani misingi iliyo tayari ambayo sisi waandishi wa programu hujengea kurasa za wavuti. Nikauliza ni nani atakayekuwa bado anaijua hiyo Svelte miaka kumi ijayo. Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo, yuleyule aliyefuta hifadhidata ya majaribio siku yake ya pili kazini, akanitazama kwa upole kabisa, akasema: "Samahani dada, kwani hapa tunachagua fremuwaki au tunachagua mume?"

Watu walicheka. Mhasibu, ambaye habari zangu anazijua, aliinamia kikombe chake cha chai. Nami nilicheka, tena kuwashinda wote, na hicho ndicho kinachoniuma.

Tangu siku hiyo nimemjibu bafuni, nimemjibu kwenye daladala, na jana nilimjibu hata kwenye sherehe ya kumuaga binti ya mama mkubwa, wenzangu wakifuta machozi nami nikitunga sentensi. Ningemwambia kwamba yeye alikuwa bado shule ya msingi Septemba 2016, ilipotoka Angular 2, ambayo ilibaki na jina la ukoo lakini ikawa kitu kingine, kiasi kwamba kazi yangu ya mwaka uliotangulia isingeweza kuhamia huko bila kuandikwa upya. Ningemwambia kwamba ile ya kwanza, AngularJS yangu, ilikoma kuhudumiwa na wenyewe walioitengeneza Desemba 2021, na kwamba tundu lolote la usalama likionekana leo ni juu yetu kuliziba. Aliyewahi kuachwa namna hiyo ana haki ya kuuliza maswali ya posa.

Alhamisi usiku nikaifungua Svelte, kwa hasira zaidi kuliko udadisi, ili nimkamate. Nilijua kwamba toleo la 5, la Oktoba 2024, limebadilisha namna ya kuandika: zamani uliandika let salio = 0, na namba ikibadilika ukurasa nao ukabadilika; sasa unatakiwa kuandika let salio = $state(0). Nikachukua kipande cha mtindo wa zamani, nikakiingiza kwenye toleo jipya, nikasubiri maandishi mekundu ya makosa. Hayakuja. Salio lilipanda na kushuka bila shida. Nikaweka kipande cha mtindo mpya kando yake, vikakaa pamoja kwenye ukurasa mmoja bila kugombana, na saa nane usiku ilinikuta nikiandika upya ukurasa wa kukokotoa marejesho. Asubuhi niliufungua kwenye simu ya mlinzi wetu, ile ya kioo kilichopasuka ambayo mfumo wetu wa sasa huifanya iduwae, nao ukafunguka kabla hajamaliza kuniuliza ninatafuta nini. Svelte hufanya sehemu kubwa ya kazi yake wakati msimbo, yaani maandishi ya programu, unajengwa, kabla haujafika kwa mtumiaji, hivyo simu hubaki na machache ya kubeba.

Kesho nitapendekeza tuhamishe ukurasa huo mmoja tu, mingine isubiri mwisho wa mwezi, wanachama wakishajazana kuulizia mikopo yao. Sitasema kwamba kijana alikuwa sahihi. Swali langu lilikuwa la haki, nalo limejibiwa na kile kipande cha zamani kilichokubali kufanya kazi, si na mzaha wake.

Na jibu lake limenijia sasa hivi, nikiandika, likiwa limechelewa siku tano: kama ni mume, basi mshenga ni wewe, na mshenga hujibu maswali.

Na si hilo tu linaloniweka macho usiku huu: mama hajapokea simu tangu mchana. Jirani yake anasema alimwona akianua nguo, lakini kliniki yake ya presha ni kesho, na vidonge vyake nilivihesabu mwenyewe: vilikuwa vya kufika Ijumaa.