Nilivyoshusha gharama za dawa za presha za mama

Mwaka juzi nilienda Tanga likizo nikamkuta mama ana paketi ya dawa ya presha ambayo kwa hesabu zangu ilitakiwa iwe imeisha wiki mbili nyuma. Nikamuuliza mama mbona dawa bado zipo, akazungukazunguka weee mwisho akasema "nakunywa leo, kesho napumzika, hizi dawa ghali mwanangu na wewe una watoto." Daah, niliishiwa nguvu. Tukapima presha, 170 kwa 100, iko juu.

Dawa yenyewe ilikuwa Norvasc, ile iliyovumbuliwa na Pfizer, kila mwezi namtumia 60,000 na kitu bila kuuliza chochote maana ndo imeandikwa kwenye cheti nikajua hakuna nyingine, na bima mama hana.

Kesho yake nikaenda duka la dawa mjini, yule dada mfamasia akachukua boksi nililokuja nalo akanionyesha maandishi madogo chini ya lile jina kubwa: amlodipine. "Kaka dawa ni hii, hilo la juu ni jina la biashara tu." Akatoa ya India, miligramu zile zile, vidonge 30 kwa 4,000. Elfu nne! Nikadhani hapa napigwa.

Usiku nikakaa kusoma. Kumbe kampuni iliyovumbua dawa inapewa hataza ya miaka 20, ndani ya muda huo hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuitengeneza kwahiyo inajipangia bei. Ya amlodipine kule Marekani iliisha 2007, viwanda kibao vikaingia, na hao hawarudii utafiti wote kuanzia mwanzo, wanatakiwa waonyeshe kidonge chao kinafika kwenye damu sawasawa na kile cha kwanza, wakaanza kushindana bei ikaporomoka. Sasa yenye jina inauzikaje bado? Inauzika kwa sababu ya watu kama mimi. Daktari anachagua, mimi nalipa, mama anameza, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza bei. Nyanya sokoni nabishania shilingi mia, dawa ya elfu sitini natoa kimyakimya.

Sikubadilisha kienyeji lakini, nilimrudisha mama kwa daktari, nikamuuliza hii inafaa? Akasema haina shida, akaandika upya cheti kwa jina la dawa badala ya jina la biashara. Yaani dakika mbili tu. Kazi ilikuwa kwa mama, "ya elfu nne hiyo si feki?" Hela niliyookoa mwezi wa kwanza nikaongezea kidogo nikanunua mashine ya kupimia, nikamwachia na daftari, asubuhi anapima jioni anapima. Baada ya wiki tano namba ya juu ilikuwa inacheza 135, 138, na alikuwa anakunywa kila siku maana hana tena sababu ya kubania. Saa hizi ndo anawafundisha majirani kusoma maandishi madogo kwenye boksi.

Nikajiona mtaalamu. Mama mdogo anachoma insulini, nikamwambia subiri nikusaidie na wewe. Nilizunguka maduka manne bei ikapishana buku moja tu. Insulini haigandamizwi kama kidonge, inazalishwa na vijidudu hai vilivyobadilishwa kwenye maabara, kiwanda chake ni ghali na soko la dunia sehemu kubwa wameshika watatu, Novo Nordisk, Eli Lilly na Sanofi, sasa hapo nani atamshindanisha nani? Tulichoambulia ni kumwandikisha kliniki ya sukari hospitali ya mkoa, mzigo wa Bohari ya Dawa ya serikali ukiwepo anapata huko, usipokuwepo tunanunua nje.

Mwezi uliopita haukuwepo. Zile elfu hamsini na kitu ninazookoa kwa mama ndo zilienda huko.