Wiki ya kuziba herufi M

Jumatatu ile nilivyoingia shifti nikakuta mlango wa choo cha wanaume una tepu nyekundu, msalaba mkubwa juu ya herufi M. Nikaangalia ubao wa matangazo, kila penye M pana tepu. Mashine ya kahawa tepu, kalenda tepu. Nikadhani ni mambo ya usalama, manake kwenye ile weahausi tepu nyekundu ndo ilikuwa alama ya usiguse. Nikaenda kwa Mzee, mwenzangu wa kazi, kumuuliza, hakujibu, akanyanyua tu deli lake la chakula. Mi mwenyewe ndo nliandika MZEE pale kwa makapeni, kipindi wenzangu wameshanizoea na wote wakaanza kumwita hivo hivo bila kujua maana yake. Sasa M imezibwa, imebaki ZEE.

"Hakuna M wiki hii, mpwa wangu," akasema. Alikuwa ananiita mpwa toka siku ya kwanza aliponifundisha kushika skana.

Hii ni Novemba 2018, Columbus, Ohio. Nlikuwa nna mwaka mmoja na ushee Marekani, usiku napanga maboksi kwenye paleti, mchana nalala. Jumamosi ya wiki ile, tarehe 24, Ohio State wanacheza na Michigan, timu za vyuo vikuu za mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono, na kule watu wengi hata jina la Michigan hawalitamki, wanasema tu ile timu ya kaskazini, ndo maana ya zile tepu kwenye M. Mwaka wangu wa kwanza kuna dada nilikutana nae sheli akanipigia kelele "O-H!" nami nikamtazama tu, akaondoka amenyong'onyea. Baadae ndo nikaambiwa unatakiwa ujibu "I-O", unamalizia jina la jimbo. Iliniuma ile, maana kwetu mtu akikusalimia hukai kimya.

Mi nimekulia Kariakoo. Baba Yanga, mjomba Simba, kwa hiyo wiki ya watani naijua vizuri. Najua mtu mzima anaweza kukosa hamu ya kula kuanzia Alhamisi. Najua tarehe 6 Mei 2012 tulivyopigwa tano bila, mjomba alipita mlangoni kwetu usiku akanyoosha mkono, vidole vitano, hakusema neno, akaenda zake, na baba hakutoka nje siku mbili. Kwa hiyo Mzee aliponambia hajalala vizuri toka Jumapili kwa sababu ya kijana wa miaka 21 mi sikuhitaji maelezo zaidi, nlivuta tu kiti.

Kijana mwenyewe ni Dwayne Haskins, jezi namba 7, kwotabeki. Kwa asiyeufuatilia mpira ule, kwotabeki ndo anayepokea mpira kila mara timu yake inapoanza kushambulia na kuamua, aurushe mbele, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe, na anaamua ndani ya sekunde mbili tatu huku majitu yenye miili kama milango yanamjia kumvunja. Msimu ule ndo ulikuwa wake wa kwanza kuanza. Na alikuwa anarusha jamani. Mpira unatoka mkononi kama haujaguswa, unazunguka, unaenda kutua kifuani kwa mtu aliyeko yadi arobaini mbele ambaye bado anakimbia.

Ila mambo hayakuwa mazuri. Oktoba walienda chuo cha Purdue wakapigwa 49 kwa 20. Na Jumamosi moja tu kabla ya Michigan walikuwa Maryland, wakanusurika 52 kwa 51 kwenye muda wa nyongeza, Maryland walikuwa na nafasi ya kumaliza mechi pale pale, mrushaji wao akakosa ile pasi ya nyongeza ya pointi mbili baada ya kufunga, na mpokeaji alikuwa peke yake kabisa. Yani ilikuwa pumzi moja. Huku Michigan wanakuja wakiwa namba 4 nchini, wamefungwa mechi moja tu, difensi yao ndo inaruhusu yadi chache kuliko timu zote, na wachezaji wao wanatangaza kabisa kwamba msimu huu ni wa kulipa visasi. Hawakuwa wameshinda Columbus toka mwaka 2000, na popote pale toka 2011, kwa hiyo kila mtu akawa anasema ndo mwaka wao. Wabashiri nao wakawapa wao, pamoja na kwamba wanakuja ugenini.

Ofisini kwetu, namaanisha ile meza ya breki, kazi ilikuwa ubishi. Kuna jamaa wa foklifti alikuwa anasema dogo hakimbii, kwotabeki aliyepita alikuwa anakimbia, huyu ukimziba anaganda. Mama mmoja wa upande wa kufungasha akamrukia, akamuuliza kwani Maryland nani aliingia na mpira mwenyewe mara tatu? Jamaa akasema hizo ni za kulazimishwa. Mwingine anasema tatizo sio mtoto, tatizo difensi yetu inavuja, hata akifunga 50 watarudisha 51. Breki ya nusu saa inaisha watu hawajala.

Mzee alikuwa habishani. Siku ya Jumatano usiku, tunafunga paleti kwa plastiki wawili tu, ndo akanieleza. Kwamba ye amezaliwa mji ule, na alipokuwa mtoto ndo Cornelius Greene alianza, kwotabeki wa kwanza mweusi kuanza Ohio State, miaka ya 1973 mpaka 1975, na nyumbani kwao watu walijaa kwenye redio kama mtoto wa familia ndo anacheza. Halafu baadae sana akaja Troy Smith, yule wa 2006, mechi na Michigan, namba 1 na namba 2 nchini, 42 kwa 39, akabeba na Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Akasema miaka yote hiyo weusi wakicheza nafasi ile watu wanawasifia miguu. Wanakimbia, wana kasi, wana nguvu. Hamna anayesema wana akili. Sasa huyu mtoto hakimbii kwa sababu hahitaji kukimbia, anasimama pale anasoma difensi nzima kama gazeti halafu anaurusha. "Hao wanaosema hakimbii hawajui wanachokiangalia," akaniambia, bado anazunguka na ile plastiki, hakunitazama.

Akasema tena kitu kingine, kwamba huyu mtoto alikuja kutembezwa pale chuoni akiwa mdogo kabisa, video ipo, anasema mwenyewe hapa ndo nitasoma. Na mwaka 2017 kule Michigan, mwenye nafasi ameumia, timu iko nyuma 20 kwa 14, wakamwingiza ye kutoka benchi, akarusha pasi moja ndefu, akakimbia moja, timu ikapata uongozi na kushinda 31 kwa 20. Mzee hiyo pasi aliionyesha kwa mkono wake, akachukua rola ya tepu akairusha juu ya paleti tatu ikatua kwenye boksi tupu. Nimeiona kwa macho yangu, hakupaisha wala haikugusa ukingo.

Ijumaa ilikuwa ile siku ya mauzo baada ya sikukuu ya Thanksgiving, oda zinamiminika kama maji. Tulitakiwa kutoka saa kumi na nusu alfajiri. Saa tisa supavaiza akapita na kutangaza ovataimu ya lazima, masaa mawili, hakuna wa kutoka. Hakutupa hata nafasi ya kuuliza. Watu walichukia mno, wengine wana tiketi, wengine wageni nyumbani. Mama wa kufungasha alikaa chini kabisa pale pale sakafuni dakika nzima halafu akainuka akaendelea. Nlimuona Mzee anatembea miguu imevimba, maana alikuwa na sukari, na hakulalamika, kila akinipita ananiuliza "O-H?" kwa sauti ndogo, namjibu "I-O". Tulienda hivo mpaka saa kumi na mbili na nusu.

Akanichukua na gari lake moja kwa moja mpaka kwake, nikalala kwenye sofa na viatu. Kuamka saa tano na kitu nyumba imejaa, dada zake, wajukuu, majirani, harufu ya bata mzinga aliyebaki toka Alhamisi anapashwa moto na ule mkate wa mahindi. Mjukuu wake mmoja wa kama miaka saba amevaa jezi namba 7 inamfika magotini. Akanikagua mi nliyekuwa na tisheti ya kazini, akaenda chumbani akaniletea skafu nyekundu ya bibi yake, akanivisha shingoni bila kuniomba ruhusa.

Mpira umeanza saa sita mchana. Uwanja ule, wao wanauita Kiatu cha Farasi kwa umbo lake, unaingiza watu zaidi ya laki moja na wote kama wamevaa nguo moja. Haskins anatoka, Mzee akasimama, na hakukaa tena mpaka mwisho, na ile miguu yake. Shambulizi la kwanza tu dogo akawapeleka mpaka ndani, tachidauni, yani mpira umefikishwa eneo la mwisho la wapinzani. Halafu akamtafuta kijana mwingine mdogo zaidi, Chris Olave, mwaka wa kwanza chuoni, mtu ambaye jamaa wa foklifti wala hajawahi kumtaja, akampa moja, akampa na ya pili. Tukawa 21 kwa 6. Nyumba inatetemeka.

Halafu karibu na mapumziko mambo yakageuka. Michigan wakafunga, kisha sie wakati wa kupokea mpira wao wa kuanzia jamaa yetu akaudondosha, wakauokota, wakafunga tena hapo hapo, ndani ya muda ambao hata hujamaliza kutafuna. 21 kwa 19. Tuliongeza tatu kwa teke, ikawa 24 kwa 19, mapumziko. Sebule ikawa kimya mpaka unasikia friji. Nlikijua kile kimya, ni kile kile cha kwa baba. Kila mtu anaanza kujiandaa kimoyomoyo jinsi atakavyoumia. Dada yake Mzee akasema ndo hivyo, difensi yao imeshamsoma. Mzee akasema "Muache mtoto," basi. Akarudia, "Muache."

Kipindi cha pili Olave yule yule akaruka akaziba teke la Michigan kwa mikono yake, mpira ukaruka juu, mwenzake akaudaka akakimbia nao mpaka ndani, na kuanzia hapo ilikuwa mafuriko. Ila mi kilichonikaa kichwani ni vitu vidogo. Difensi namba moja nchini walikuwa wanamkaba kila mpokeaji mtu kwa mtu, na dogo akawa anatumia hiyo hiyo, anawapitisha wenzake katikati wanapishana, wale wakabaji wanagongana wenyewe, ye anampa mpira yule mwenye kasi anayetokea upande wa pili. Sasa nikaelewa Mzee alikuwa anasema nini kuhusu gazeti. Kuna ule wa Parris Campbell, Haskins hata hakurusha, alimsukumia tu mbele kidogo wakati anapita mbio kama mtu anampa mwenzie kikombe cha chai, jamaa akakimbia yadi 78. Unahesabika ni pasi. Mjukuu akapanda juu ya mgongo wangu, mi napiga kelele kwa Kiswahili, sijui hata nilikuwa nasema nini, na hamna aliyenishangaa.

Ikaisha 62 kwa 39. Ohio State hawakuwahi kuwafunga wale jamaa pointi nyingi kiasi kile toka waanze kukutana. Haskins peke yake pasi 6 za tachidauni, yadi 396. Nikamtazama Mzee nikidhani atakuwa anaruka, nikakuta amekaa sasa, ametoa kofia ameishika kwa mikono miwili, machozi yanashuka na hayafuti. Dada yake akaja akamshika bega. Mi nikaenda jikoni kuosha vyombo maana sikujua nikae wapi.

Tuliporudi kazini akapita na ngazi ndogo akizitoa zile tepu moja moja, mlango, ubao, mashine ya kahawa. Ya kwenye deli lake hakuitoa.

Tarehe 9 Aprili 2022, Jumamosi, mi nimeshahama kazi, yeye ameshastaafu. Nikaona kwenye simu kwamba Haskins amegongwa na lori barabarani kule Florida, amefariki, miaka 24. Nilipiga simu, Mzee akapokea hakusema chochote, nasikia tu anapumua. Nikamwambia nakuja. Nilimkuta gereji, mlango wazi, deli liko kwenye rafu nyuma yake, tepu imepauka imekuwa pinki, ZEE. Yule mjukuu sasa mrefu, amekaa juu ya tairi, anachezea simu bila kuiangalia.

Hatukuongea sana. Baadae tukaingia ndani Mzee akaitafuta ile mechi, akaiweka toka mwanzo, bila kurukisha, hata matangazo. Tukaangalia tachidauni ya kwanza, za Olave, ule mpira uliodondoshwa. Ilipofika mapumziko, 24 kwa 19, nikajikuta nimeshika skafu ambayo haipo, moyo unanidunda, na Mzee amesimama.