Forodhani, kiwanja cha watoto kianze na makachu

Nimerudi Unguja baada ya miaka mingi Copenhagen, na jioni zangu karibu zote zinaishia Forodhani, bustani ya pwani ya Mji Mkongwe. Kazi yangu kule ilikuwa kuchora bustani, kwa hiyo wenzangu wakishughulika na urojo na mishkaki, mimi macho yangu yako kwa watoto: wapi wanapata kivuli, wapi wanaweza kuanguka, wapi wanafukuzwa. Nataka kuwachorea kiwanja cha kuchezea hapo.

Bustani hii ina umri wake. Ilitengenezwa kuadhimisha jubilei ya Mfalme George wa Tano ya mwaka 1935, na mwaka 2009 ikafunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa ya Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, ukuta wa bahari ukiwa miongoni mwa yaliyotengenezwa. Mji Mkongwe uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000. Mtu hawezi kujichimbia tu shimo la nguzo ya pembea pale, na naona ni haki.

Kule Copenhagen, katika Fælledparken, bustani ya zaidi ya miaka 100, watoto wana kiwanja chenye minara ya mji wao iliyojengwa kwa mbao, wanaipanda na kuteleza. Nilikipenda sana. Najua wengi watasema na sisi tujenge nakala ndogo ya Beit el Ajaib, jumba la kale la masultani, hasa tangu sehemu ya ile kubwa ilipoporomoka Desemba 2020. Mimi sikubali. Beit el Ajaib na Ngome Kongwe ziko hapo hapo mgongoni mwa mtoto. Nakala ya nini?

Funzo lililonikaa zaidi ni la Emdrup, pembeni mwa mji huo huo. Mchoraji bustani wa Kidenmaki, C. Th. Sørensen, aliona watoto wanapenda kuchezea maeneo ya ujenzi kuliko viwanja walivyojengewa, na mwaka 1943 wakafunguliwa kiwanja cha mbao na vifaa chakavu wajijengee wenyewe. Alianza na kile walichokuwa tayari wanakifanya.

Watoto wetu wanafanya nini? Wanaruka. Maji yakijaa alasiri, vijana wa makachu, yaani mchezo wa kujirusha baharini, wanakuja mbio, wanakanyaga ukingo wa ukuta, wanajipindua hewani na kuzama, watu wanashangilia. Juzi nyuma yao alikuwepo mtoto wa miaka mitano hivi, kanzu kaikunja kiunoni, anaruka kutoka kwenye baraza ya mawe, anapanda, anaruka tena, na kila akitua anamgeukia dada yake kuhakikisha kaonekana.

Huyo ndiye ninayemchorea. Majukwaa ya mbao ya vimo mbalimbali, la juu kabisa mita moja na nusu, na chini yake mchanga wa kina cha sentimita 30 au 40. Mbao nawataka mafundi wa majahazi wa Nungwi, wanaojua ubao utakaohimili chumvi. Nyavu za kupandia ziwe za kamba za makumbi ya nazi, kazi ya wanawake wa Jambiani na Paje, ambao makumbi yenyewe huyazika pwani kwa miezi kabla ya kuyaponda na kuyasokota. Zitachakaa, ndiyo, na kila zikichakaa msokotaji atapata oda nyingine. Vyuma vya kuagiza nje vinashika kutu kwa upepo wa bahari, na jua la saa saba mchana linavigeuza kikaango.

Kisha baraza ndefu chini ya miti, zikielekea kwa watoto. Mama, bibi na khalati wakikosa pa kukaa, mtoto haletwi. Taa nazo ziwe za kutosha, maana wetu wanatoka Magharibi ikishapita na joto limepungua.

Mnaoleta watoto Forodhani, wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo, niambieni wanacheza sehemu gani hasa na saa ngapi. Mchoro nitakaoupeleka Mamlaka ya Mji Mkongwe nataka uanzie hapo.